Kitufe cha Kuhamisha

Watu wakisikia kwamba mwanamke wa Kibiti, mwenye duka la fotokopi na watoto wakubwa, anacheza gemu la kujenga himaya kwenye kompyuta, hucheka kwanza, halafu huuliza kama mume wangu anajua. Anajua. Yeye anaangalia mpira, mimi naangalia himaya yangu, na ndoa inakwenda. Nimelicheza gemu hilo toleo baada ya toleo tangu kaka yangu aliponiletea kompyuta yake kuukuu kutoka Dar es Salaam, na sijaona bado sababu ya kumwomba mtu radhi.

Kwa asiyelijua, gemu lenyewe liko hivi. Unapewa kijiji kimoja kwenye ramani yenye giza. Kila zamu unaamua: ulime, ujenge, utume watu mbele, upatane na jirani au umpige. Mambo yakienda vizuri kijiji kinakuwa mji, miji inaongezeka, na mwisho una himaya yenye bendera yako. Kaka anacheza akiwa Dar, mimi nikiwa dukani, tunakutana mtandaoni. Yeye anapenda kuta na barabara. Mimi napenda mashamba, na hunitania kwamba himaya yangu ina chakula cha kulisha dunia nzima ila haina hata askari mmoja wa kufunga geti.

Mwaka huu watengenezaji walitangaza kwamba toleo jipya linakuja, na kabla halijatoka wakaweka toleo la majaribio ili wachezaji walionje na kutoa maoni. Nililishusha kwa bando la simu, likaja kwa kudonadona kutwa nzima huku nikiwatolea watu fotokopi za vyeti vyao. Sifa zake nilikuwa nimeshazisoma. Majirani sasa wana kumbukumbu, ukimdhulumu mtu leo wajukuu zake watakudai kesho. Kuna mshauri mwenye kofia anayechomoza pembeni ya skrini kukuambia la kufanya. Lakini kilichonifanya nishindwe kutulia kitini ni kimoja: mito sasa inajaa na kupungua. Katika matoleo yote ya nyuma mto ulikuwa mstari wa buluu tu. Sasa unapanda, unafunika bonde, unashuka, na unaacha udongo mweusi nyuma yake.

Mimi ni mtu wa Rufiji. Baba yangu alikuwa wa huko juu Mtawanya, kwenye mikorosho, lakini mama ni wa bondeni, na sisi tumekuzwa na shamba la mama. Kwetu mwaka ambao mto haukupanda ndio mwaka wa njaa. Mto ukipanda, watu hukaa ukingoni wakingoja. Maji yakianza kutoka, mama huyafuata nyuma, na kila kipande cha ardhi kinachochomoza hukipanda mahindi siku hiyo hiyo, kabla jua halijakikausha. Kilimo hicho tunakiita mlau. Mahindi ya mlau hayasubiri mvua, yanaishi kwa unyevu ulioachwa na mto.

Kwa hiyo kengele ya mafuriko ilipolia kwenye gemu mara ya kwanza, na yule mshauri akachomoza na kofia yake kuniambia watu wangu wako hatarini, mimi nilifurahi. Nikawateremsha wote bondeni wakajiandae kupanda. Maji yakaja yakawazoa. Nadhani katika wachezaji wote wa dunia hii ni mimi peke yangu niliyeyakimbilia maji. Nilipomsimulia kaka kwenye simu alicheka mpaka akakohoa, utadhani yeye kazaliwa Upanga, katikati ya Dar.

Mama wakati huo alikuwa kwangu Kibiti, na si kwa kupenda. Mafuriko ya mwaka huu yalipita kiasi tulichokizoea. Yalipopanda, mama alikuwa shambani juu ya dungu lake, kile kibanda cha nguzo ndefu ambacho watu wa bondeni hulala humo kulinda mazao dhidi ya nguruwe. Alikaa huko juu na kuku wake mpaka majirani walipomfuata kwa mtumbwi. Kaka alikuwa Dar, simu sikioni muda wote, hana la kufanya, na hofu ya siku ile haijamtoka mpaka leo. Tangu hapo alikuwa na neno moja tu: mama harudi tena bondeni. Atakaa kwangu, atapumzika, na yeye atahakikisha hakosi kitu. Mama hakubisha. Alikaa ukumbini akasuka ukili wa mikeka kutwa kucha, akawa mtu wa maneno machache. Nilikasirika kwa niaba yake, na yeye mwenyewe nikamkasirikia kwa kunyamaza kwake.

Hapa lazima nieleze jambo moja, la sivyo mtu ataona tunagombania jembe na uchovu wa mama. Shamba la bondeni halina ukuta wala jiwe la mpaka. Mto ukipanda unafuta matuta, unafuta njia, unafuta kila alama uliyoweka. Maji yakitoka, wenye mashamba huteremka wao wenyewe na kupanga mipaka upya kwa kukumbushana, wewe ulikuwa hapa, mie nilikuwa pale, na kila mtu anapanda papo hapo ili mbegu zake ziwe shahidi. Asiyekuwepo hana wa kumsemea. Mgonjwa anaweza kushikiwa nafasi msimu mmoja. Lakini likienea neno kwamba fulani kahama, basi tena, limekwisha. Shamba lile mama alilipata kwa mama yake. Bibi naye alikuwa miongoni mwa waliotolewa bondeni zamani zile serikali ilipowapandisha watu juu, na kila mwaka, maji yakitoka, alirudi chini kulima. Alikuwa na nyumba juu na shamba chini, na hakuna mwenye cheo aliyeweza kumfanya achague. Mama akiukosa mlau wa mwaka huu, shamba la bibi lingeondoka mikononi mwetu, na hilo nililijua mimi, alilijua mama, na alilijua kaka pia.

Jumamosi moja kaka akaja na gari lake, na juu ya gari godoro jipya la mama. Godoro zuri, nene, la mtu wa kukaa. Alilitandika mwenyewe chumbani, akampeleka mama akaliketie. Mama akaketi, akalibonyeza kwa kiganja, akasema, "Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie," kisha akatoka akarudi kwenye mkeka wake na ukili wake. Kaka akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

Baada ya chakula cha mchana tukaweka kompyuta zetu mezani, uso kwa uso, tucheze hilo toleo la majaribio. Ilikuwa njia yetu ya kutogombana mbele ya mama. Mama alisogeza mkeka karibu na meza. Mara nyingi huwa hatazami, lakini siku ile alisikia neno mafuriko, akanyanyua kichwa.

Kila mmoja wetu alikuwa na kijiji bondeni. Kengele ikalia. Mshauri akachomoza na kofia yake. Watu wako wako hatarini, akasema, uwahamishe? Na chini yake kitufe kikubwa cha kijani: hamisha. Hiki nacho ni kitu kipya cha toleo hili, na watengenezaji wamekisifia kweli kweli. Ukikibonyeza, kijiji kizima kinahama kwa zamu moja, na unapewa alama za utulivu. Nilitafuta kitufe cha pili, cha kukataa. Hakuna. Usipotaka kuhamisha unakaa kimya mpaka zamu ipite.

Kaka alikibonyeza kabla mshauri hajamaliza sentensi. Kijiji chake kikafutika bondeni, kikatokea kilimani, nyumba zimepangwa mistari iliyonyooka. Alama zake zikapanda.

Mimi nilikaa kimya. Safari hii nilikuwa nimejifunza, watu wangu niliwaweka ukingoni. Mama akanyoosha kidole chenye ukili kwenye skrini yangu.

"Hawa wanafanya nini hapa?"

"Wanangoja maji yatoke, mama."

"Haya," akasema, akaendelea kusuka.

Zamu ikapita, na juu ya kijiji changu ikawekwa alama nyekundu. Nikaigusa kuisoma. Toleo jipya lina jina la watu wanaobaki baada ya mtawala kushauriwa awahamishe. Linawaita wakaidi. Alama zangu za utulivu zikashuka, na kila zamu zikazidi kushuka. Nikahisi damu inanipanda kwa ajili ya watu wa kuchorwa. Bibi yangu angekuwa mle ndani angewekewa ile alama nyekundu kichwani, na dungu lake, na kuku wake, na jembe lake.

"Bonyeza tu," kaka akasema. "Unajipotezea mchezo."

"Sibonyezi."

"Basi utapigwa."

"Nipige."

Maji yakatoka. Watu wangu wakateremka wakayafuata, wakapanda, na udongo mweusi ukawapa chakula kingi. Sitaficha, baadhi yao maji yalishawachukua kabla hayajatoka, na gemu halikuniacha nisahau, liliwahesabu mmoja mmoja mbele ya macho yangu. Kwa upande wa kaka hakufa mtu. Hilo ni kweli na nitamsemea daima. Lakini kwenye bonde lake, pale palipokuwa na kijiji, palikuwa na udongo mweusi mtupu na maandishi madogo juu yake: ardhi huru. Zamu iliyofuata, jirani mmoja anayeendeshwa na kompyuta yenyewe akapita pale akachomeka bendera.

Mama aliiona kabla ya kaka.

"Nani huyo kaweka bendera?"

"Jirani tu, mama."

"Kaiweka kwenye shamba la nani?"

"Lilikuwa la wale niliowahamisha. Sasa hivi halina mtu."

"Na wenyewe wanasemaje?"

Kaka akacheka kidogo. "Hawasemi, mama. Hili ni gemu."

"Gemu nimeliona. Mie nakuuliza wewe."

Kaka aliendelea kuchezesha vidole kwenye kipanya bila kubonyeza kitu. Zamu chache baadaye mchezo ukatangaza mshindi. Alama za utulivu ndizo zilizoamua, na kaka akanishinda kwa mbali. Himaya yangu iliandikwa kuwa imeanguka kwa sababu ya ukaidi. Nilishindwa, na sikujutia hata zamu moja.

Mama aliuviringisha ukili wake, akauweka kando. "Maji ya kwetu yamefika wapi?" akaniuliza.

Nilimpigia jirani yake wa shamba, mwanamke mwenzake waliyelima naye tangu usichana, nikaweka sauti juu. Sauti ikaja na upepo wa bondeni nyuma yake. Yanatoka, shoga yangu, yanatoka, watu wanateremka tangu juma lililopita. Mama akashukuru, akaulizia hali ya watoto wa yule mwenzake, akaagana naye vizuri. Simu ilipokatika akasema, "Kesho nateremka."

"Hapana, mama," kaka akasema.

"Sikukuomba ruhusa, baba. Nimekuaga."

Kaka akanifuata jikoni. Aliongea kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejizuia. Akaniambia mimi sikuwa kwenye ile simu ya siku ya mafuriko. Sikusikia maji yanavyogonga nguzo za dungu na mama anamwambia usijali, mwanangu, kuku wote wapo. Mwaka huu walimwahi na mtumbwi. Mwaka ujao wakichelewa je? Nani atakwenda kumtafuta, mimi na himaya yangu?

Nilimwambia, "Huenda ukawa sahihi. Lakini mama hajafa, usianze kumzika."

Akatoka nje akakaa ndani ya gari lake.

Hasira zangu huwa zinatafuta pa kwenda, na jioni hiyo zilikwenda kwa watengenezaji. Toleo la majaribio lina sehemu ya maoni, nami niliijaza kwa Kiingereza changu cha kuombea kazi. Niliwaambia mto wao ni mzuri, nauheshimu, ni mara ya kwanza naona gemu linajua kwamba mafuriko hulisha watu. Lakini kitufe chao kimekosa ndugu yake. Wapeni watu kitufe cha kukataa. Acheni kijiji kimwambie mtawala hatuhami, halafu mtawala ahangaike nalo, abembeleze, awajengee madungu, awawekee mitumbwi, atafute njia ya kuwalinda pale pale walipo. Na hilo jina la wakaidi lifuteni kabisa. Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotarajia. Mtu mmoja mwenye adabu alinishukuru, akasema wazo hilo walishawahi kulifikiria, ila wakaona watu wakiweza kukataa mchezo utakuwa mzito. Nilisoma neno hilo mzito mara kadhaa. Nikamjibu kwamba ndiyo, ni mzito, karibu Rufiji.

Asubuhi mama alitoka chumbani amejifunga kanga kiunoni, mbegu kwenye kitambaa, jembe mkononi. Godoro jipya lilikuwa limekunjwa vizuri ukutani, maana alilala chini kwenye mkeka wake. Nilidhani tutakwenda stendi. Tukamkuta kaka mlangoni, gari linaunguruma.

"Sijakubali," akasema. "Ila sitaki mhangaike na bodaboda."

Alituendesha mpaka tukapita Ikwiriri, akakata njia ya vumbi, akasimama pale ambapo gari haliwezi tena. Mbele yetu kulikuwa na matope, mkondo wa maji, na mtumbwi wa kuvukia. Mama alishuka akavua ndala. Kaka akashusha kioo.

"Nitawasubiri hapa mpaka mrudi."

"Rudi Dar, mwanangu, una kazi," mama akamwambia. "Mie silali Kibiti leo."

Kaka akafumba macho. Nilimwonea huruma kweli, kwa sababu ni mtoto aliyempenda mama yake na akakosa pa kuliweka pendo hilo isipokuwa kwenye godoro. Lakini sikumgeukia. Tulivuka.

Upande wa pili bonde lilikuwa limefunguka lote, jeusi, linanuka matope na samaki. Watu walikuwa wametawanyika humo wameinama. Mama alitembea mbele yangu, miguu inazama mpaka vifundoni, na kadiri tulivyokwenda mwendo wake ukawa wa haraka, mimi nikawa wa kumkimbilia. Alipita mahali pa dungu lake. Zilibaki nguzo tupu zimeinama upande mmoja. Hakusimama hata kuzitazama.

Alisimama mbele kidogo, kwenye upande wa shamba unaoelekea mto. Pale palikuwa na mahindi machanga, majani mawili mawili, yamepandwa kwa mstari safi. Si ya kwake. Jirani wa upande ule, mwanamume tuliyezoea kumwita mjomba kwa heshima, alikuwa hapo hapo na jembe lake, anaendelea kupanda kuja upande wetu. Alipomwona mama akanyooka.

"Dada," akasema. Alishtuka, na aliona haya, yote mawili kwa pamoja. "Tulisikia umehamia Kibiti."

"Mmesikia kwa nani?"

"Watu tu. Walisema watoto wamekuchukua moja kwa moja."

"Mie mbona sikuulizwa?"

Mama akanipa jembe lake nilishike. Akaangalia mkuyu ulio mbali upande wa mto, ule anaopimia mpaka wake, akasogea kushoto kidogo, akauangalia tena, akaridhika. Kisha akainama akaanza kuyang'oa yale mahindi. Hakuyanyofoa kwa hasira. Alichimba kwa vidole kuzunguka kila mche, akautoa na udongo wake, mzima, akaupakata kwenye kanga yake. Watu wa mashamba ya jirani walikuwa wameacha kulima wanatazama. Alikwenda na mstari mpaka ukaisha, akaja na wa pili. Kanga ilipojaa akamwendea mjomba, akammiminia miche ile mikononi.

"Hii yako, bado hai," akamwambia. "Kaipande kwako."

Mjomba akaipokea. Akaanza kurudi nyuma kwenye matope, hatua kwa hatua, akimtazama mama usoni, na hakusimama mpaka mama aliposema, "Hapo."